Ukuta wa Abdias Ulinuka Samaki

Hii ninayowaletea hakuna atakayeiamini, na mimi siombi mtu aniamini. Niliisimulia siku moja pale mtaa wa Furu, Butembo, mbele ya duka la misumari. Watu wazima wakashika matumbo wakacheka, na mmoja akanishauri nipunguze kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Basi cheka na wewe, nafasi ipo. Lakini nikisema kwamba kule Eringeti kulikuwa na msichana aliyesoma magazeti kichwa chini miguu juu, kabla hajajua kwamba kuna namna nyingine ya kusoma, hiyo ni kweli tupu. Nikisema paka wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kulamba kuta za nyumba yao, hiyo pia ni kweli, ila labda haukuwa mtaa mzima.

Msichana mwenyewe ni Kavuo. Leo ni mama mtu mzima, ana mvi anazoficha chini ya kitambaa, na anauza samaki wa chumvi kwenye soko kuu la Butembo. Wateja wanamwita Mama Gazeti. Ukienda kwake usiwe na haraka, maana hawezi kufunga samaki ndani ya karatasi ambayo hajaisoma. Na karatasi za siku hizi ni zipi? Ni mitihani ya wanafunzi, inayouzwa kwa kilo mwaka wa shule ukiisha.

— Mama Gazeti, funga basi, nimeacha sufuria kwa moto!

— Ngoja kwanza, mama. Huyu mutoto aliandika kama Kongo inapakana na Canada. Mwalimu akamupa moja kwa kumi.

— Moja ya nini sasa?

— Ya courage.

Watu wanacheka, wanachukua samaki wao, wanaenda. Hawajui kwamba kila anapofungua rundo jipya la makaratasi, moyo wa Kavuo unaruka kwanza, halafu unakaa chini. Anatafuta gazeti. Gazeti la kweli, lile pana la kujaza mikono miwili, lenye wino wa kuchafua vidole. Haliji tena. Habari zimehamia kwenye simu: mtu usiyemjua anatuma sauti yake, anasema "waasi bameingia, kimbieni", nusu ya mtaa inakimbia na magodoro kichwani, na jioni inajulikana kwamba hakuna aliyeingia popote. Gazeti lilichelewa, sikatai. Lakini gazeti halikumkimbiza mtu na godoro.

Turudi nyuma kidogo. Baba yake Kavuo aliitwa Abdias, mkulima wa mpunga, Mprotestanti wa kuimba sauti nzito, ambaye mlango wa shule aliuona kwa nje tu. Mama yake, Mariette, alikuwa anafuata samaki mpaka Kyavinyonge ziwani, anapanda juu ya malori na vitunga vyake, anarudi amekauka kwa vumbi na ananuka ziwa. Mariette huyo alikuwa na kaka yake, kijana mzuri kuliko vijana wote wa barabara ya Beni mpaka Komanda, msomi wa kukaribia kumaliza darasa la sita. Lakini habari zake leo tuziache, ingawa ni nyingi na zote zinapendeza.

Samaki wa ziwani walifungwa ndani ya magazeti makuukuu. Yalikuwa ya kila aina: ya Kinshasa yaliyoshuka na ndege, ya Uganda yaliyovuka mpaka wa Kasindi, na vijarida vya misheni. Mariette akimaliza kuuza, anarudisha makaratasi nyumbani. Abdias anayaanika juani, anapika uji mzito wa unga wa muhogo, anayabandika ukutani mpaka udongo hauonekani tena. Nyumba ikapata heshima. Ikapata pia harufu. Mvua ikinyesha, kuta zilinuka tilapia hata mgeni akadhani anapikiwa, akakaa kungoja, akaona jioni inaingia bila sahani. Na ndipo paka walipokuwa wanakuja.

Sasa, wauza samaki wa ziwani hawakuwa wajinga. Penye picha nzuri walikata, wakabandika kwao. Yaliyofika Eringeti yalikuwa maandishi matupu, na kwa Abdias maandishi yalikuwa kama siafu njiani: huwezi kujua kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Ule ukuta wa kando ya kitanda cha watoto aliubandika wote kichwa chini. Wote! Mstari kwa mstari, umenyooka, safi, bila karatasi hata moja iliyokosea na kukaa sawa.

Utauliza, na huyo mtoto alifundishwa herufi na nani? Na yule mjomba wake msomi, nani mwingine. Mjomba alipenda kupumzika mchana juu ya kitanda cha watoto, chali, kichwa kikining'inia pembeni, kwa sababu ya uchovu wa kazi. Kutoka pale alipolala, maandishi yalikaa vizuri kabisa mbele ya macho yake. Alinyoosha kidole akataja: hii ni A, hii ni B, hii ni R. Kavuo, aliyekuwa amekaa wima kama mkristo, akazipokea zilivyo. Kosa hapo ni la Abdias. Mjomba alifundisha vizuri.

Basi Kavuo akaingia shuleni. Mwalimu wake, Ésaïe, akampa kitabu. Mtoto akakigeuza kichwa chini, akasoma mbio kama maji.

— Geuza kitabu, mwalimu akasema.

Akageuza. Akatazama. Akaanza kulia.

— Mwalimu, hii umeiharibu. Ilikuwa inasema, sasa imenyamaza.

Jioni ile mwalimu Ésaïe alikuja nyumbani kwa miguu yake kuangalia. Akasimama mbele ya ukuta, akainamisha kichwa upande, akakiinamisha zaidi, mwishowe akakaa kitandani akashika uso kwa mikono miwili, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Abdias akauliza kuna nini. Mwalimu hakujua aanzie wapi, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mkubwa kwake. Lakini Abdias si mtu wa kushikwa mbele ya watoto wake.

— Ah, ukuta? Nilibandika vile makusudi, mwalimu. Kitabu ni ya kukaa. Ukuta ni ya kulala. Mutoto analala, kichwa iko chini, anasoma mpaka usingizi inamukamata.

— Kumbe, mwalimu akasema. Ni mawazo mazuri, papa.

Alipoondoka, Abdias alisimama peke yake mbele ya ukuta. Halafu akamwita Kavuo kwa sauti ya chini.

— Kavuo. Kichwa ya herufi iko upande gani?

Kavuo akamwonyesha. Abdias akapitisha kidole pale juu ya mstari, taratibu, kama mtu anayemgusa mtoto wa ndege. Hakubandua hata karatasi moja. Lakini tangu siku ile nyumba nzima ilisoma vile alivyosema yeye: chali kitandani, kichwa kikining'inia. Mariette akawa anapiga kelele kwamba damu itawajaa watoto kichwani watoke wapumbavu.

Kila jioni kabla ya sala, Abdias aliuliza swali lile lile.

— Kavuo, ukuta inasema nini leo?

Kavuo alisoma na kutafsiri kwa kadiri ya alichoelewa. Zilikuwa habari za miaka iliyopita, lakini Abdias alizipokea moto moto. Timu iliyofungwa zamani aliisikitikia upya. Siku moja ukuta ulisema waziri fulani ni mgonjwa sana, amepelekwa Ulaya; familia nzima ikapiga magoti kumwombea, na wakamwombea majuma mengi, mpaka mjomba msomi alipopita akawaambia waziri yule alizikwa kabla Kavuo hajazaliwa. Abdias akafikiri kidogo, akasema sala haiharibiki, Mungu ataihamishia kwa mgonjwa mwingine.

Na kulikuwa na Muyisa, mdogo wake Kavuo. Huyo habari hazikumtosha. Ukuta ulikuwa na tabia mbaya: habari inapopata utamu, inaandika "endelea ukurasa wa saba". Ukurasa wa saba ulikuwa wapi? Ulifunga samaki wa watu wengine. Labda uko Mutwanga, labda uko Lubero, nani ajuaye.

— Yaya, akamwuliza dada yake, sasa yule mwizi walimukamata?

— Ngoja. Nasoma ukurasa wa saba.

— Uko wapi?

— Uko ndani ya ukuta. Wewe hauwezi kuona.

Kavuo akafumba macho, akamtungia. Mwizi akakamatwa, akatoroka, akaoa binti wa hakimu. Muyisa alilala akicheka. Ndivyo walivyokua wale wawili, vichwa chini, mmoja akisoma na mwingine akidai ukurasa wa saba.

Halafu ikaja ile picha. Mvua zilikuwa zimeikata barabara, na lori moja lilizama kwenye tope pale Eringeti kwa siku nyingi. Ndani yake alikuwemo mwandishi wa gazeti aliyekuwa anaenda Bunia. Kwa kukosa kazi, akapiga picha: lori, tope, na watoto wa kijiji. Akaenda zake, wakamsahau. Miezi ikapita. Siku moja Mariette anafungua samaki kutoka Kyavinyonge, anachomoa tilapia mmoja, na nyuma ya tilapia anamkuta mwanawe anamtazama. Alipiga ukelele hata majirani wakaja wakifikiri kuna msiba.

Alikuwa Muyisa, mbele kabisa ya picha, mtoto wa karibu miaka saba. Tope mpaka magotini. Meno mawili ya mbele yameanguka, na anacheka hivyo hivyo bila haya. Sikio la kushoto limejitokeza kama mlango uliosahauliwa wazi. Mkono mmoja ameuweka juu ya gurudumu la lori, kama vile lori ni lake na wengine wote ni abiria. Mafuta ya samaki yalikuwa yameingia kwenye pembe ya karatasi, yakamfanya dereva aangaze kama kioo, lakini Muyisa hayakumgusa.

Abdias aliibandika siku ile ile, kando ya kitanda. Safari hii alimwita Kavuo kwanza, akauliza kichwa kiko wapi, ingawa picha ilijionyesha yenyewe. Ikawa ndiyo karatasi pekee ya ukuta ule iliyosimama na miguu yake. Kila aliyeingia nyumbani alionyeshwa, hata mkusanya kodi. Na Muyisa mwenyewe, alipokuwa mwanaume, ana mke na nyumba yake na shamba la kakao, kila akija kuwasalimu wazee aliingia kwanza pale, akaligusa lile sikio, akasema: "Bado iko." Ndipo anakaa.

Abdias alikufa, Mariette akamfuata. Walikufa kitandani, kama watu wanavyopaswa kufa. Muyisa hakupewa hiyo. Ule mwaka ambao kule Beni watu walianza kukatwa na mapanga mashambani, alitoka asubuhi kuvuna kakao na hakurudi. Simu yake, yenye picha zote za ndoa, ilienda pamoja naye. Kadi yake ya uchaguzi, yenye picha, ilikuwa mfukoni, nayo ikapotea. Nyumba yake, yenye albamu ndani ya sanduku, ilichomwa siku ile ile. Alipopatikana walimzika haraka, bila msalaba wenye jina, na waliobaki wakashika barabara: Oicha, Mbau, Beni, mpaka Butembo. Kavuo alikimbia na wifi yake, Débora, ambaye alikuwa na mimba. Débora alizaa, akanyonyesha, akakaa, halafu akaenda Bunia kutafuta maisha. Mtoto alibaki kwa Kavuo. Anaitwa Christa.

Christa sasa yuko shule ya msingi, na ana ulimi wa baba yake. Juzijuzi mwalimu aliwaambia wachore familia. Christa alimchora shangazi yake, Tantine Kavuo, na samaki wake, akachora kuku, akachora mwanaume mwenye suruali na shati na viatu vya kufunga kamba. Kichwani aliweka duara tu. Ndani ya duara hakuweka kitu.

— Tantine, baba alikuwa na uso gani?

— Kama yako.

— Yangu namna gani? Mimi niko mutoto mwanamuke. Sijue ingekuwaje na ndevu.

Kavuo alicheka, kwa sababu mtoto alikuwa anamtazama. Halafu akaenda nyuma ya nyumba kupanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Walijaribu simu kwanza. Kijana mmoja wa jirani, Ariel, aliandika Muyisa kwenye Facebook, na Facebook ikamwaga akina Muyisa kama mchele: Muyisa wa Kampala, Muyisa wa Canada, Muyisa pasta, Muyisa mwenye miwani amekaa juu ya gari ambalo bila shaka si lake. Christa alikuwa anauliza kwa kila mmoja: "Ni huyu?" Kavuo alikuwa anajibu hapana. Walipofika kwa Muyisa wa arobaini au zaidi, mtoto akaacha kuuliza, akawa anamtazama shangazi yake usoni tu.

— Iko picha yake, Kavuo akasema. Zima hiyo simu. Iko kwa gazeti.

— Gazeti gani?

— Iko kwa ukuta, kwa babu yako, koko Abdias. Nitaileta.

Neno limeshatoka, mtoto amelishika. Tangu siku hiyo Christa alikuwa anawaambia wenzake shuleni kwamba baba yake alikuwa mtu wa kuandikwa gazetini, na wenzake wakasema mwongo, lete tuone. Na pale kwenye ukuta wa chumba, juu ya godoro lake, aliacha nafasi: akatoa nguo zote zilizoning'inia, akapafagia.

Kavuo hakukurupuka. Alijua karatasi iliyobandikwa kwa muhogo haibanduki kwa nguvu. Alipika uji wa muhogo kama wa baba yake, akabandika mitihani ya watoto kwenye ukuta wa udongo wa jikoni, akaacha ikauke vizuri, halafu akaanza kujifunza. Maji baridi yalichana karatasi. Maji ya moto yaliyeyusha wino. Maji ya vuguvugu, kwa sponji, kidogo kidogo kutoka pembeni, na kisu chembamba kinachoenda nyuma kama kinapaka siagi. Hapo karatasi ilishuka nzima, kama mtoto anayetoka kitandani mwenyewe. Majirani walipita wakamwona mama mzima anabandika hesabu za watu ukutani na kuzibandua, wakasema samaki wamempanda kichwani.

Ilipofika miezi ya utulivu kidogo, na malori yakawa yanapita kwa msafara unaosindikizwa na askari, alifunga safari. Ndani ya beseni aliweka sponji, kisu, thermos ya maji, na kipande cha mbao laini cha kulazia karatasi isikunjwe. Christa alimsindikiza mpaka penye magari.

— Tantine, usiikunje.

— Siikunje.

— Na usiweke samaki juu yake.

— Ah, huyo samaki anamujua baba yako kuliko wewe, Kavuo akasema, na wote wawili wakacheka.

Njiani alihesabu, si kilomita, bali nyumba. Hii imebaki. Hii imebaki milango. Hii imebaki migomba ya uani peke yake. Alipofika Eringeti na kuiona bati ya Abdias, na kuta zake zote nne chini ya bati, alikumbatia beseni akaharakisha hatua. Ilisimama! Na moshi ulikuwa unatoka.

Ndani walikaa watu, wakimbizi waliotoka kijiji cha ndani zaidi: mama mmoja aitwaye Joyeuse, na mume wake Zacharie, mzee wa kukohoa. Joyeuse alipoona mwanamke mgeni ana beseni na kisu, na anaitazama nyumba kama mtu anayeitambua, alielewa upesi. Akapiga magoti mlangoni.

— Mama, wewe ndiye mwenye nyumba. Tutatoka. Utupatie tu juma moja, mzee apate nguvu ya kutembea.

— Simama, mama. Sikuje kufukuza mutu. Nilikuja tu kuona ukuta.

— Ukuta?

Uso wa Joyeuse ukafunguka wote. Akamshika mkono, akamvuta.

— Ukuta! Kuja uone! Kuja uone vile tumekutunzia!

Kuta zilikuwa nyeupe. Nyeupe za udongo mweupe, ule ambao mama wa vijijini wanapaka sikukuu ya Noël, Krismasi, ikikaribia, uliolainishwa kwa kiganja mpaka unang'aa. Chini walikuwa wamechora mstari mwekundu wa urembo, na kando ya kitanda, kwa kidole, Joyeuse alikuwa amechora maua. Kavuo alisimama na beseni lake.

— Tulikuta makaratasi ya zamani, Joyeuse akaeleza kwa furaha. Machafu! Mende, panya, na harufu sijue ya nini. Nikasema, Zacharie, batu hawa batarudi siku moja, batukute tumekaa ndani ya uchafu kama banyama? Hapana. Noël haiwezi kutukuta hivi ndani ya nyumba ya watu. Zacharie akakwangua na jembe, juma nzima. Yalishika, mama! Yule aliyebandika alikuwa anajua kazi.

— Makaratasi iko wapi? Kavuo akauliza.

— Ah, tuliwashia moto. Ilikuwa inashika mbio, kama iko na mafuta.

— Ilikuwa na mafuta, Kavuo akasema. Ya samaki.

Akaenda mpaka kando ya kitanda. Akaweka kiganja pale, urefu ule ambao mkono wake haukuhitaji kuambiwa.

— Hapa kulikuwa ka picha. Ka mutoto.

Joyeuse akamtazama mume wake. Mzee Zacharie akakohoa, akafikiri kwa bidii, maskini, alitaka kukumbuka.

— Labda, akasema. Kulikuwa lori. Niliona lori. Mutoto... panya ilikuwa imekula kule chini. Sijue, mama. Macho yangu sio mazuri.

Furaha ya Joyeuse ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo, akaangalia kisu, akaangalia sponji, akaangalia kile kipande cha mbao.

— Tulikosea, mama?

Kavuo aliitazama mikono ya yule mwanamke. Ilikuwa imepasuka kwa udongo, kila kidole. Mikono ya mtu aliyekimbia kutoka kwake bila kitu, halafu akaamka asubuhi akapamba nyumba ya mtu asiyemjua.

— Hapana, akasema. Mumefanya vizuri. Baba yangu angefurahi. Wasingya, mama, asante sana.

Wakampikia wali na sombe ya majani ya muhogo, akala, mgeni ndani ya nyumba ya baba yake mwenyewe, na sahani aliyopewa ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zingine. Akawaambia wakae, wasiharakishe. Aliporudi barabarani kungoja msafara, kiganja chake kilikuwa bado cheupe kutoka pale ukutani. Alikifunga. Lakini alikuwa juu ya mizigo ya lori, bila turubai, na mvua ikawakuta kabla ya Oicha, ikakiosha.

Kutoka Beni mpaka Butembo alipanda gari dogo, macho dirishani. Dereva akamuuliza, mama, kuna msiba? Akajibu, wa zamani.

Christa alikuwa anangoja mbele ya nyumba, amevaa nguo ya Jumapili. Aliangalia beseni. Akaona mbao tupu. Huyu ni mtoto wa watu wa huku, alielewa. Alichukua beseni kutoka mikononi mwa shangazi yake, akaliweka chini, akamletea maji ya kunawa.

Siku mbili nyumba ilikaa hivyo. Siku iliyofuata, baada ya ibada, Christa akaja na ile karatasi yake ya shule, yenye kuku na samaki na mwanaume wa duara, akaketi miguuni kwa Kavuo na kalamu ya risasi.

— Tantine, wewe uliiona. Niambie, mimi nitaandika uso.

Kavuo akafumba macho. Yule aliyekuwa anatunga ukurasa wa saba bila kupumua, sasa alitafuta kila neno kama anatembea gizani ndani ya nyumba ya mtu.

— Meno mawili hayako. Ya mbele. Hapana, usifanye mudomo mukubwa hivyo... kadogo. Anacheka lakini macho yamefungwa nusu, kulikuwa na jua. Sikio ya kushoto imetoka. Hiyo hapana, imetoka zaidi. Ndiyo. Iache hivyo.

Kalamu ilienda, ikafuta, ikaenda. Mlangoni alikuwa amekaa yule mjomba msomi, mzee sasa, ingawa uzuri haujamtoka wote. Mjomba aliona macho ya Kavuo yamejaa, na mtoto ameinama hataki kumwangalia mtu. Mtu mwenye moyo anaweza kunyamaza hapo? Na tangu lini picha ya kishujaa namna ile inasimuliwa bila chumvi? Akasogeza kiti.

— Christa, sikiliza koko yako, mimi niliiona ile gazeti hata mbele ya Mariette kuiona. Baba yako mukono moja iko juu ya gurudumu, si ndiyo? Sasa ile mukono ingine, andika mukubwa, na misuli yake, ile mukono ingine iko inasukuma lori yote, na chauffeur ndani, na mifuko mia mbili ya mupunga juu, batu bazima bamesimama tu banashangaa, na ile lori inaanza kutoka kwa tope, pole pole, mpaka ina...

— Mujomba, hapana. Usimuongeze kitu. Ile mukono ingine, hata mimi sikumbuke tena ilikuwa wapi.